Meza ya Wawili, Siku ya Sita

Kwenye meli ile kila mfanyakazi alikuwa na jina la kubandikwa, na yeye walimwita Nafasi, kwa sababu ndilo neno aliloulizwa kutwa nzima. "Binti, nafasi ipo?" "Dada, kesho hakuna nafasi hata moja?" "Haiwezekani pamejaa, mimi hii ni safari yangu ya nne na meli hii!" Alikaa nyuma ya dawati jeusi ghorofa ya tano, pembeni ya ngazi kubwa, akiwa na simu mbili, kompyuta moja na dirisha la duara lililomwonyesha bahari hadi macho yalipokoma. Kazi yake ilikuwa kupanga nani ale wapi, siku gani na saa ngapi.

Mtu wa nchi kavu anaweza kudhani hiyo si kazi. Meli ilibeba abiria elfu mbili, na ukumbi mkuu wa chakula ulikuwa wazi kwa wote: ingia, keti, kula mpaka ushindwe kuinuka. Lakini binadamu akipewa kitu bila kuomba, haoni thamani yake. Anataka kile chenye viti arobaini tu. Migahawa ya namna hiyo ilikuwa mitatu. Wa Samaki ulikuwa mbele ya meli, wa Makaa ulikuwa nyuma, walikochoma nyama, na juu kabisa, chini ya paa la kioo, palikuwa na Bustani, ambapo hapakupikwa nyama wala samaki, ila mboga, nafaka na supu ambazo watu walizisimulia hadi kwenye lifti. Bustani ndiyo iliyoleta ugomvi. Watu wazima wenye mvi walishawahi kulia mbele ya lile dawati kwa sababu ya Bustani.

Nafasi aliipenda kazi yake kuliko alivyowahi kukiri kwa mtu. Kabla ya hapo alikaa miaka sita chini kabisa, chumba cha kufulia, akikunja mashuka mahali ambapo mchana na usiku ni taa ile ile. Alipopandishwa ghorofa ya tano, wiki ya kwanza nzima alikuwa akigeukia dirisha kila baada ya dakika chache, kama mama anayehakikisha mtoto bado amelala.

Siku ya pili ya safari walimjia wanawake wawili, ndugu wa tumbo moja, wote wajane. Mkubwa alikuwa mkunga mstaafu, mwembamba, wa sauti ya kuamrisha. Mdogo alikuwa mshonaji, mnene kidogo, mpole, miwani yake ikining'inia shingoni kwa utepe.

"Meza ya watu wawili, Bustani, chakula cha mchana, siku ya tano," alisema Mkubwa. "Na uandike hivi. Mdogo wangu huyu hapatani na korosho. Si kwamba hazipendi. Akionja tu, koo linafunga. Anakufa. Umeandika?"

"Ninaandika, mama."

"Nisomee."

Nafasi akamsomea.

"Nisomee tena."

"Dada," alisema Mdogo, akitazama chini kwa haya, "foleni imefika ngazini. Mtoto wa watu amesikia."

"Kusikia si kuandika."

Mdogo akainama juu ya dawati, akamnong'oneza Nafasi. "Miaka sitini na tatu, mwanangu, sijawahi kuagiza chakula kwa mdomo wangu mwenyewe. Hata siku ya harusi yangu yeye ndiye aliyeonja kwanza. Bwana harusi akauliza, jamani, sasa namwoa yupi?"

Wakacheka wote watatu, hata Mkubwa, ingawa kicheko chake kilikuwa kifupi.

Nafasi aliandika kila kitu kwenye safu ya mwisho ya ukurasa wao, ile iitwayo maelezo ya mgeni. Kilichoandikwa pale kilitokea jikoni kwa maandishi mekundu, na hakuna mpishi aliyethubutu kupuuza maandishi mekundu. Basi mambo yalikuwa shwari.

Siku ya nne asubuhi akaja msimamizi wake. Huyu walimwita Tabasamu, kwa kuwa hakuliondoa usoni hata alipokuwa anamfukuza mtu. Alisema mgeni mmoja wa vyumba vya juu, mtu mzito, anataka Bustani yote mchana wa kesho yake kwa ajili ya sherehe ya kuzaliwa kwake. Wote waliokuwa wameandikishwa siku ya tano wahamishiwe siku ya sita, na orodha iwe tayari ndani ya saa moja.

"Bosi, ni watu thelathini na nane," Nafasi alisema. "Nikimhamisha mmoja mmoja na maelezo yake, saa moja haitoshi."

"Nani kakwambia mmoja mmoja? Futa wote. Andika majina upya na idadi ya viti. Hayo mengine utajaza baadaye." Akatabasamu. "Mbona unafanya jambo dogo liwe zito?"

Nafasi alifuta. Lakini kabla ya kufuta alichukua karatasi akanakili maelezo ya wageni wote waliokuwa nayo, saba kwa jumla. Huyu anatembelea kiti cha magurudumu, huyu hali chumvi, huyu hataki kukaa karibu na mumewe wa zamani. La Mdogo lilikuwa la tano. Kisha akaandika majina upya, akapiga simu vyumbani kuwaeleza watu kwamba siku imebadilika, akatukanwa na wanne, akashukuriwa na mmoja, ambaye ndiye Mdogo mwenyewe. "Siku yoyote ni sawa, mwanangu," alisema. "Mimi nitakaa tu pale dirishani."

Akaanza kujaza maelezo. La kwanza, la pili, la tatu. La nne. Simu ikalia, na upande wa pili mtu alikuwa akipiga kelele kuhusu meza karibu na mlango wa jikoni. Aliposhusha simu, mbele yake walikuwa wamesimama watu kumi na moja. Karatasi ikawa chini ya daftari, na daftari likawa chini ya mkono wake, na siku ikapita.

Siku ya sita bahari iliamka vibaya. Meli ilianza kulala ubavu huu na ubavu ule, taratibu, kama mtu anayetafuta usingizi. Mkubwa alishikwa na kichefuchefu tangu alfajiri, akameza vidonge vya zahanati, akalala fofofo. Alipozinduka, saa sita ilikuwa imeshapita, na kwenye mto wa pili palikuwa na karatasi: "Dada, nimekwenda kula peke yangu. Usinifuate. Mambo yangu yameandikwa."

Alifika ghorofa ya tano akijishikilia kwenye vyuma vya ukutani, kilemba kimelegea, miguu haina viatu.

"Mwanangu, huyu mtu amekwenda kula bila mimi. Nitazamie tu kama wameona yale maneno. Roho yangu haitulii."

"Wameona, mama, usiwe na shaka," Nafasi alisema, huku akifungua ukurasa wa siku ya sita, tena akitabasamu.

Jina lilikuwepo, na viti viwili. Safu ya mwisho ilikuwa tupu.

Alitazama tena, kama vile maneno yangejitokeza yenyewe kwa kuonewa huruma. Kisha akainua daftari, akaiona karatasi. Alama nne za vema, halafu korosho, halafu hakuna alama.

"Vipi?" aliuliza Mkubwa.

Nafasi alikuwa ameshabonyeza namba ya Bustani. Simu ililia, ikalia, ikalia. Akakata, akapiga jikoni kwao. Ikalia vilevile.

"Binti. Nakuuliza. Vipi?"

"Mama, kaa hapa. Nakwenda mwenyewe."

Mfanyakazi haruhusiwi kukimbia mbele ya wageni, wala kupanda lifti yao. Nafasi alikimbia. Alipanda ghorofa saba kwa ngazi, sakafu ikimkwepa kila hatua, bega likigonga ukuta huu na ule. Mgeni mmoja alimwambia pole pole mrembo, utaanguka. Alisukuma mlango wa Bustani kwa mikono miwili.

Hapakuwa na mtu. Viti vilikuwa vimepinduliwa juu ya meza na kufungwa kwa kamba. Mwanamke wa usafi alikuwa akiokota vipande vya chungu cha maua.

"Watu wako wapi?" Nafasi hakuitambua sauti yake.

"Wamehamishwa. Mkuu wa wahudumu kasema juu huku kunayumba sana. Nusu kawapeleka Makaa, nusu Samaki."

"Na chakula?"

"Chakula chao kile kile. Masufuria wameyabeba na ile supu yao ya maboga. Wewe hujui nilivyofuta sakafu ya lifti!"

Supu ya maboga. Nafasi aliijua, kwani alishaieleza pale dawatini mara mia: laini, ya rangi ya dhahabu, na uzito wake wote umetokana na korosho zilizosagwa mpaka hazionekani.

Makaa nyuma, Samaki mbele, na katikati urefu mzima wa meli. Ilibidi achague. Alichagua Makaa kwa sababu ngazi zake zilikuwa karibu, na hilo alikuja kulikumbuka kwa uchungu kwa siku nyingi. Aliingia akihema, akapita kati ya meza akitazama nyuso, mtu mmoja akamwinulia glasi akidhani ni mhudumu. Aliziona supu mezani. Mdogo hakuwepo. Alichukua simu ya mlangoni akapiga Samaki, na safari hii ikapokelewa, lakini aliyepokea alisema, "Subiri kidogo," akaiweka chini bila kukata. Nafasi alisikia vijiko, vicheko, mtu akiomba mkate. "Haloo!" alipiga kelele. "Haloo! Msimpe supu! Mama wa miwani, msimpe supu!" Wageni wa Makaa waligeuka wote. Hakuna aliyemsikia upande wa pili.

Akaitupa simu, akakimbia tena.

Mdogo alikuwa ameketi dirishani, kama alivyotaka. Mbele yake bakuli lilikuwa nusu. Kitambaa cha meza alikuwa amekivuta kwa mkono mmoja, na kwa mkono wa pili alikuwa akijigusa koo, polepole, kwa mshangao, kama mtu anayetafuta mkufu aliouacha nyumbani. Midomo ilikuwa imevimba. Alipomwona Nafasi alijaribu kutabasamu.

"Dawa yako ya sindano iko wapi, mama? Sindano!"

Mdogo alionyesha kidole chini. Chini, chumbani, kwenye mkoba wa dada yake.

Aliyemshika asianguke alikuwa mhudumu wa meza ile, mwanamume wa miaka hamsini na nane waliyemwita Mzee Sinia, kwa sababu aliweza kubeba sahani kumi na mbili katika bahari yoyote bila kumwaga tone. Alimlaza sakafuni, akamfungua shingo ya gauni. Mtu akaita zahanati. Mdogo alianza kutoa mlio mwembamba kila alipovuta pumzi, kisha mlio ukaisha, na kuisha kwake kulitisha zaidi. Nafasi alipiga magoti akamshika mkono, akasema maneno ambayo hakuyakumbuka baadaye. Daktari na muuguzi walikuja mbio na begi jekundu. Wakachoma sindano pajani, wakachoma nyingine, wakaweka mpira kooni kwa shida, daktari akitukana meli kwa kuyumba. Ilikuwa imepita dakika tano, pengine saba. Hakuna aliyekuwa ametazama saa.

Mkubwa alifika wakati wanambeba. Alikuwa na mkoba mkononi.

*

Alasiri ya siku ile ile waliitwa ofisini kwa msimamizi: mkuu wa wahudumu, Mzee Sinia, Nafasi. Mdogo alikuwa hai. Mapigo ya moyo yalikuwa yamerudi mahali pake, lakini alikuwa hajafungua macho, na daktari alikuwa amesema neno ambalo wote walilirudia kwa sauti ya chini: ubongo ulikosa hewa. Bahari ilikuwa mbaya mno kwa helikopta. Bandari iliyo karibu ilikuwa mwendo wa siku mbili.

"Uliuliza kama kuna kitu asichokula?" Tabasamu alimuuliza Mzee Sinia.

"Niliuliza. Huwa nauliza wote." Mzee Sinia alikuwa amekaa ukingoni mwa kiti, mikono juu ya magoti. "Akaniambia, 'Yangu yameandikwa, kaka.' Nikatazama karatasi ya meza. Hapakuwa na onyo. Nikadhani anazungumzia kinywaji, maana kinywaji chake nilikuwa nimeshakiandika, maji ya limau. Labda… labda ningeuliza mara ya pili. Ila kulikuwa na kelele. Watu wa migahawa miwili ndani ya mmoja."

"Kwa hiyo unakubali hukuuliza mara ya pili."

"Nakubali."

"Na karatasi haikuwa na kitu."

"Haikuwa na kitu, bosi."

Tabasamu alimgeukia Nafasi. Uso ulikuwa ule ule, meno yale yale, ila macho yalikuwa yanasema jambo lingine. "Na kwenye dawati lako, mgeni huyu alieleza chochote?"

Nafasi aligusa mfuko wake. Karatasi ile ilikuwa humo, imekunjwa mara nne. Alijua kuwa kusema "ndiyo" ni kumwaga unga, na unga wake haukuwa mshahara tu, ulikuwa lile dirisha. Aliona mashuka. Aliona taa isiyozimwa.

"Mfumo," alisema, "siku ya nne majina yalihamishwa."

"Mfumo una kasoro, tumesema mara nyingi," Tabasamu alidakia haraka, akaandika. "Lakini mwenye mgeni mezani ndiye wa mwisho kuuliza. Mzee, weka sahihi hapa."

Mzee Sinia aliweka sahihi. Alikuwa amefanya kazi baharini miaka ishirini na sita, na ilikuwa imebaki miezi miwili tu astaafu. Alipoinuka alimwambia Nafasi kwa upole, "Usilie, binti yangu. Wewe ulikimbia. Kama si wewe angekufa mikononi mwangu."

Maneno hayo yalimla kuliko matusi yoyote.

Hakula jioni ile. Asubuhi ya siku ya saba alikwenda dawatini, akawasha kompyuta, na mgeni wa kwanza akauliza kama nafasi ipo. Nafasi alimtazama yule mtu, akatazama dirisha, na bahari ilikuwa imetulia, nzuri kabisa, haina habari na mtu. Akazima kompyuta. "Samahani, mheshimiwa," alisema. "Leo hapana mtu wa kukupangia."

Alikwenda zahanati. Mdogo alikuwa ameshatolewa mpira kooni. Macho yalikuwa wazi lakini hayakushika kitu, na upande wa kulia wa mdomo ulikuwa umelegea. Mkubwa alikuwa kwenye kiti pembeni ya kitanda. Alionekana ameongezeka miaka kumi. Nafasi alipiga magoti, akatoa karatasi mfukoni, akaikunjua juu ya shuka.

"Mama, maneno yako niliyafuta mimi. Niliambiwa nihamishe watu kwa haraka, nikasema nitayaandika tena. Niliandika manne. La mdogo wako sikuliandika. Simu ililia, nikasahau. Yule mhudumu hana kosa lolote. Jana niliulizwa nikanyamaza."

Mkubwa alivaa miwani ya mdogo wake akaisoma karatasi. Aliisoma polepole, na mara mbili.

"Nilikwambia unisomee mara mbili," alisema.

"Ndiyo, mama."

"Nikaona aibu kukwambia mara ya tatu. Nikajiambia, usiwe mtu wa kero. Safari yenyewe ni yake, mwache apumue." Akakunja karatasi. "Unataka nikuambie nini? Kwamba si neno? Kwamba imeandikwa na Mungu? Sikuambii hivyo."

"Sikutaka uniambie hivyo, mama."

"Basi nenda kaseme kwa wanaohusika. Halafu urudi hapa. Amekataa kumeza kwa mkono wa muuguzi, na mimi mkono wangu hautulii. Utamlisha wewe."

Nahodha alimsikiliza akiwa amesimama. Alikuwa mwanamume wa maneno machache. Alimwita Tabasamu, na Tabasamu akasema, "Mimi nilimwagiza ahamishe watu. Sikumwagiza afute maisha ya mtu," na kwa kuwa yaliyosemwa mdomoni hayana karatasi, ikabaki hivyo. Nahodha alisema fomu ya Mzee Sinia ilishatumwa makao makuu tangu jana na majibu yamerudi: ashuke bandari ya mbele. Ataandika ya pili kueleza haya mapya, lakini kuifuta ya kwanza hawezi. Nafasi naye atashuka.

Alimkuta Mzee Sinia kwenye korido ya wafanyakazi, amepiga magoti anafunga begi. Akamwambia yote. Mzee alisikiliza bila kuinua kichwa, mkono wake umekamata zipu.

"Jana," alisema mwishowe, "nimekaa kitandani nikijiuliza alisema nini yule mama. Nimejirudia mpaka nikaanza kusikia neno korosho. Nimeapa kwa mke wangu kwenye simu kwamba nililisikia nikapuuza. Nimemwambia mke wangu kwamba mimi ni muuaji." Akainua kichwa. "Ungesema jana, binti yangu. Jana tu."

Akafunga zipu. Nafasi alibaki amesimama pale mpaka watu wa zamu walipomwomba apishe njia.

*

Basi alirudi zahanati, akalisha. Ulikuwa uji mwepesi uliochujwa, usio na kitu cha kutafuna. Alichota nusu ya kijiko cha chai, akakipeleka kwenye pembe ya kushoto ya mdomo, akasubiri koo lipande na kushuka, akafuta kidevu. Kisha nusu nyingine. Bakuli dogo lilichukua saa nzima. Mkubwa aliuonja uji kwanza kila mara, kila bakuli, ingawa aliupika mwenyewe mbele ya mpishi mkuu, aliyesimama na kofia mkononi.

Wakati mmoja Mkubwa alisema, kama anaongea na ukuta, "Alipokuwa na miaka mitatu nilimpa korosho mimi, bila kujua, tukiwa tunacheza kupika. Ndivyo ilivyojulikana. Mama hakunipiga. Ningefurahi angenipiga." Nafasi akachota kijiko kingine.

Asubuhi ya siku ya nane, nchi kavu ikiwa imeshaonekana, Nafasi alipeleka kijiko na mdomo haukufunguka. Akangoja. Akajaribu tena. Mdogo aligeuza uso upande, kwa taabu, nyusi zimekunjamana.

"Ssi," alisema. "Ssita. Sitaki."

Mkubwa alisimama ghafla, kiti kikaanguka. "Umesema nini?"

"Sitaki."

"Hutaki?" Mkubwa alimshika uso kwa mikono miwili. "Hutaki! Wewe, tangu uzaliwe, umewahi kunikatalia chakula mimi?" Alikuwa anacheka na machozi yanaingia mdomoni. Lakini macho ya Mdogo yalipita juu ya uso wa dada yake bila kusimama, yakaenda darini, yakabaki huko. Mkubwa alimwita kwa jina lake la utotoni, mara tatu, mara nne. Hakuitika. Kicheko kikakatika. Akakaa kitandani, akaweka kichwa juu ya tumbo la mdogo wake, na Nafasi akatoka na bakuli.

Gari la wagonjwa lilikuwa limesimama gatini. Walimshusha Mdogo wa kwanza, kabla ya abiria wote, na Mkubwa akafuata amebeba mikoba miwili. Alipompita Nafasi mlangoni alisimama.

"Usinitafute," alisema. "Nikiwa na la kukwambia, nitakutafuta mimi."

"Sawa, mama."

Alishuka ngazi bila kugeuka.

Kwenye ukumbi wa kusubiria bandarini, Nafasi na Mzee Sinia walikaa benchi moja, kila mmoja na begi lake, nafasi ya mtu mmoja katikati. Lilipoitwa basi la Mzee Sinia, alisimama, akajinyoosha mgongo, akaweka koti vizuri.

"Ni kweli alisema?" aliuliza. "Nimesikia wauguzi wanasema kasema neno."

"Alisema sitaki, mzee."

"Sitaki." Alilipima lile neno kidogo. "Sitaki si haba." Kisha akaondoka, na hakumpa mkono, wala Nafasi hakuutegemea.

Alipobaki peke yake alimpigia mama yake.

"Mama, nimeshuka."

"Umeshuka? Likizo si mpaka mwisho wa mwaka?"

"Unga umemwagika, mama."

Nyuma ya mama alisikia kuku, na redio ya jirani.

"Umeiba?"

"Sijaiba."

"Umepigana na mtu?"

"Hapana. Kuna neno moja sikuliandika. Neno moja tu, mama. Mtu akala kitu ambacho si chake. Halafu kuna neno jingine sikulisema siku nilipoulizwa."

"Sasa huyo mtu yuko wapi? Amepona?"

"Sijui."

"Hujui vipi? Si uliza!"

"Wameondoka naye, mama. Hawajaniambia wanampeleka wapi. Sijui kama ataongea, sijui kama atamjua dada yake. Sijui, mama, sijui," na hapo, katikati ya watu waliokuwa wakiburuta masanduku yao kwenda kupanda meli, alilia kwa sauti, simu ikiwa bado sikioni, na mama yake upande wa pili akimwambia, "Nipo, mwanangu. Nipo. Lia. Nipo."